Mto wa Sufi wa Filomena

Zama za Mwingereza, Mbagala ilikuwa shamba. Kulikuwa na mikorosho, mihogo, na nyumba za makuti zilizokaa mbali mbali. Mtu akisema anakwenda mjini, watu walimtakia safari njema. Wanaume wengi walifanya kazi Temeke, Keko au bandarini. Wengi walikwenda kwa miguu. Wenye bahati walikwenda kwa baiskeli.

Anselmo alikuwa mmoja wa wenye bahati. Alikuwa seremala, mzaliwa wa Masasi, mfupi, mwenye mikono mipana. Alitengeneza vitanda na makabati katika karakana ya Bwana Fakihi huko Keko. Kila asubuhi alikunywa uji, akafunga sanduku la vyombo vyake kwenye keria, akapanda baiskeli na kupiga kengele. Pale mlangoni hapakuwa na mtu wa kumpisha, ila kuku. Lakini kengele ile haikuwa ya kuku. Ilikuwa ya mkewe, Filomena.

Walikuwa wameoana mwaka uliopita, na bado walikuwa wanachekeana bila sababu. Filomena alilima mihogo, alifuga kuku, na mikono yake ilijua sindano kuliko mikono ya wanawake wote wa njia ile. Yeye mwenyewe alilijua hilo, wala hakulificha.

Barabara ya Kilwa ilikuwa na desturi yake. Mwanamke akiolewa na mwenye baiskeli, alimshonea mumewe kitambaa cha kufunika kiti, akakitarizi maua na maneno. Baiskeli yenye kiti kitupu ilitangaza njia nzima kwamba mwenye nayo hana mke, au anaye lakini hawasemezani. Filomena hakutaka kusemwa. Wenzake walishona kitambaa. Yeye alishona mto mzima. Aliushindilia sufi, pamba ya mti wa msufi, akaushona kwa kitambaa cheupe chenye kung'aa, akatarizi kwa uzi mwekundu: KAA KWA RAHA.

Anselmo aliupokea kwa mikono miwili. Siku ile alipita Temeke polepole kuliko kawaida, akiinuka mara kwa mara ili watu wausome.

Sasa tuitazame baiskeli yenyewe, maana tabu ilianzia hapo. Anselmo aliinunua kwa karani mmoja wa bara, mtu mrefu sana, aliyekuwa anarudi kwao. Kiti kilikuwa juu, kwa kimo cha karani yule. Mtu mwenye busara angekishusha. Anselmo hakukishusha. Mtu mfupi akipata mahali pa kuwa mrefu, hashuki upesi. Alipenda kuwatazama watu kutoka juu. Ili miguu yake ifike kwenye pedali, ilimbidi ayumbishe kiuno, kulia na kushoto, njia nzima. Waliomwona walidhani ni maringo.

Mto ulipowekwa, kiti kikazidi kwenda juu. Tena kitambaa kile chenye kung'aa kilikuwa kinateleza, kinamsukuma mbele. Anselmo akachukua spana, akainua ncha ya mbele ya kiti ili isimwache ateleze. Akajipangusa mikono, akaona kazi imekwisha. Kitanda cha mteja angekipima na kukipima tena. Kiti chake alikipima kwa macho tu.

Basi ganzi ikaanza.

Akifika Mtoni, penye daraja, alihisi vichomo kama vya sindano. Akifika Keko, hakuhisi kitu kabisa. Sehemu ile ya katikati ya mapaja, ambayo mwanamume haitaji mbele za watu, ilikuwa imekufa ganzi. Alishuka akitembea kama bata. Mwanzo ganzi iliachia kabla hajafungua sanduku lake la vyombo. Baadaye ikawa inachelewa. Siku nyingine alipiga randa nusu ya asubuhi huku hajui kama ana makalio au hana.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na aibu, tena alikuwa na hofu. Aliwaza, je, kama sehemu ile itakufa moja kwa moja? Je, kama hatapata mtoto? Na jambo lingine lilimfunga mdomo. Angewezaje kumwambia Filomena kwamba mto wake, ambao watu waliusifu mpaka Temeke, ndio anaoukalia kwa mateso?

Jioni alikula amesimama. Filomena akamuuliza ana nini. Akajibu amechoka tu. Filomena hakuwa mjinga. Alikwenda kuuminya ule mto, akaona umelala kidogo. Akasema moyoni kwamba maskini mume wake anakalia chuma. Akaufumua, akaongeza sufi, akaushona tena.

Siku ya pili Anselmo alirudi akiguna. Filomena akaongeza sufi nyingine. Kwa hiyo mke akazidisha upendo, na mume akazidi kuumia, wala hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mimi nimeona nyumba nyingi zikiishi hivyo, tena bila baiskeli.

Mwishowe Anselmo alianza kulala chini, kwenye mkeka. Alisema ni kwa ajili ya joto. Mwezi ule ulikuwa wa mvua, na Filomena alikuwa anajifunika shuka mbili. Alimtazama mumewe pale chini, akaanza kuwaza mambo mabaya.

Siku moja Bwana Fakihi alikuja Mbagala kutazama mti aliotaka kuununua kwa mbao. Akapita kumsalimu mke wa fundi wake. Katika maneno ya kawaida akamwambia Filomena asiwe na wasiwasi, chumba alichokitafuta Anselmo huko Keko kimepatikana, ni cha karibu na karakana, na Anselmo atakuwa anarudi Mbagala Jumamosi kwa Jumamosi. Alidhani Filomena anajua. Filomena akamkaribisha maji, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani kwa adabu. Kisha akarudi ndani, akakaa juu ya kitanda, akalia.

Anselmo aliporudi, jua lilikuwa bado liko juu ya mikorosho. Alikuta chakula kimefunikwa. Alimkuta mkewe anakunja kanga zake na kuzipanga kapuni. Akamuuliza anakwenda wapi.

"Masasi, kwa mama," Filomena alisema. "Wewe unahamia Keko. Mie sikuolewa nije kulinda kuku."

Anselmo alilitazama lile kapu. Akaegemea mlango.

"Huko Keko kuna mtu?" Filomena aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Basi kwa nini unalala chini? Kwa nini hukai na mie hata kula?"

"Sikai kwa sababu siwezi kukaa," Anselmo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akasema yote. Alieleza ile ganzi, na jinsi inavyochelewa kuachia. Alisema alitafuta chumba Keko ili aachane na baiskeli, si ili aachane na mke. Mwisho akasema lile lililokuwa zito kuliko yote. "Naogopa, Filo. Naogopa tutakosa mtoto, na kosa litakuwa langu."

Filomena aliacha kukunja kanga. Hasira ilimtoka yote, ikabaki huruma. Alimshika mkono. Kisha, kwa kuwa alikuwa Filomena, akauliza, "Na mto wangu?"

"Mto wako nausifu njia nzima," Anselmo alisema. "Lakini kila ukiongeza sufi, mie naumia zaidi."

Filomena alichukua kanga moja kapuni, akajitanda, akasema, "Twende kwa Bwana Revelian. Sasa hivi, na baiskeli uilete."

Revelian alikuwa jirani yao, mtu wa Bukoba. Alikuwa dresa, yaani mfanyakazi wa dispensari wa kufunga vidonda na kutoa dawa. Yeye pia alipanda baiskeli kila siku, kwenda kuwatazama wagonjwa wa mbali, na alikuwa hashuki akitembea kama bata. Walimkuta barazani kwake anapaka mafuta mnyororo. Anselmo alitaka kuzungumza habari za mvua kwanza. Filomena akamkatiza, akasema shemeji, mume wangu ana shida ya kiume, naye atakueleza mwenyewe.

Anselmo akaeleza akitazama chini. Revelian hakucheka.

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu," alisema. "Na wewe uchi wako umeuficha juu ya mto."

Kisha akamuuliza maswali kwa upole. Je, ganzi inaachia akishuka? Anselmo akasema inaachia, ila inachelewa. Je, anakojoa kwa maumivu, au anaona damu? Hapana. Je, ana uvimbe au kidonda? Ana mchubuko kidogo, basi. Revelian akaitikia kwa kichwa, akasema amekuja mapema, ashukuru. Angekuwa na damu, au kama ganzi ingekuwa haiachii hata akipumzika, angempeleka hospitali kwa daktari bila kungoja.

"Sasa nionyesheni huo mto," alisema.

Filomena aliufungua kutoka kwenye kiti, akamkabidhi. Revelian aliyasoma maneno mekundu, akasifu kazi ya mkono. Halafu akauweka juu ya kigoda, akamwambia Filomena akunje ngumi mbili, aziweke karibu karibu, azikandamize juu ya mto kwa nguvu.

"Ngumi zako ni mifupa miwili ya makalio," alisema. "Kila mtu anayo. Ukikalia ubao utaihisi. Mungu ameiweka hapo ibebe uzito wetu. Sasa tazama katikati ya ngumi."

Filomena akatazama. Ngumi zake zilikuwa zimezama ndani ya mto. Katikati yake, sufi ilikuwa imepanda juu kama kilima.

"Pale panapopanda sufi ndipo penye nyama laini," Revelian aliendelea. "Ndipo inapopita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu ya sehemu ile. Ikibanwa kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri, na mtu hahisi kitu. Ndiyo ganzi. Kiti kikiwa laini mno, mifupa inazama na nyama ndiyo inabeba mzigo."

"Kumbe nilikuwa namwongezea kilima," Filomena alisema. Aliutazama mto wake kwa uchungu. "Na mie nilikuwa nashindilia kwa moyo wote."

Revelian alimwambia asijilaumu, kila mtu hudhani kilicho laini ndicho chema. Kisha akaigeukia baiskeli. Akamuuliza Anselmo, wewe seremala, kabati likiwa limelala upande utajuaje? Anselmo akasema atalipima kwa pimamaji. Revelian akamwambia alete hiyo pimamaji.

Anselmo akaitoa kwenye sanduku lake. Ni kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na kipovu ndani. Kipovu kikisimama katikati, kitu kimekaa sawa. Akaweka ubao mwembamba juu ya kiti, kuanzia nyuma mpaka kwenye ncha ya mbele. Akaweka pimamaji juu ya ubao. Kipovu kikakimbilia mbele moja kwa moja, kikagota.

Anselmo alikitazama kipovu kile kwa aibu ya fundi. Kitanda kilicholala hivyo asingekitoa karakana. Na kiti hicho alikuwa anakikalia yeye mwenyewe kutoka Mbagala mpaka Keko, na kurudi.

"Ncha ikitazama juu, inakudunga palepale," Revelian alisema. "Ikitazama chini sana, unateleza na mikono inabeba mwili, mpaka vidole navyo vinakufa ganzi. Iache sawa. Ukiona bado inakubana, ishushe kidogo tu, kidogo sana."

Anselmo akachukua spana, akalegeza, akasawazisha mpaka kipovu kikasimama katikati. Kazi hiyo aliijua vizuri. Kisha Revelian akamwambia apande, huku yeye amemshikia baiskeli, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Kisigino hakikufika. Kilibaki kinaning'inia hewani.

Revelian akaeleza. Kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu uwe umenyooka bila kuinamisha kiuno. Halafu ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litakunjika kidogo. Kiti kikizidi hapo, kiuno kinayumba, na nyama inasuguliwa njia nzima. Alisema ile michubuko ilitoka huko.

Hapo Anselmo akasitasita. Alikubali kila jambo, lakini kushusha kiti kulimkaa rohoni. Akasema kwa unyonge kwamba watu wa Temeke wamezoea kumwona juu.

"Mie niliolewa na mtu mfupi," Filomena alisema. "Huyo mrefu wa barabarani simjui."

Revelian aligeuka upande, akajifanya anapangusa mnyororo. Anselmo akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Akashusha kiti. Akakishusha tena kidogo, mpaka kisigino kikakaa.

Lilibaki jambo moja. Revelian alitaka kuiona kaptula anayoivaa njiani. Ilikuwa na kiraka katikati, kinene, kilichokunjwa na kushonwa mara nyingi. Filomena akafunika uso kwa kanga. Kiraka kile pia kilikuwa kazi yake. Revelian akasema mshono mnene mahali pale unachubua ngozi, ni afadhali kiraka chembamba, au kaptula isiyo na mshono mkubwa mahali pa kukalia. Tena ioshwe kila mara, na mtu mwenyewe aoge kwa sabuni na kujikausha vizuri, maana jasho na mchanga hugeuza mchubuko kuwa jipu.

Kisha akamwambia Anselmo apumzike na baiskeli siku chache, aende kazini kwa kudandia lori la mihogo, mpaka mchubuko upone. Akirudi kupanda, asikae kama aliyepigiwa misumari. Kila baada ya mwendo kidogo asimame juu ya pedali, damu ipite. Penye mashimo ainuke, asiyapokee kwa makalio. Na penye kilima cha Mtoni ashuke atembee akiikokota baiskeli. Kushuka si aibu. Ganzi ikirudi, ashuke palepale, asiseme ngoja nifike.

Walirudi nyumbani jua likizama. Filomena alizitoa kanga kapuni, akazirudisha mahali pake. Kisha akakaa na ule mto, akaufumua ubavuni. Alitoa kitambaa cheupe chenye maua na maneno, akakitilia pamba nyembamba, tabaka moja tu, na chini yake kitambaa kigumu kisichoteleza. Akatia na kamba pembeni za kukibana kwenye ngozi ya kiti. Maneno yakabaki yaleyale, KAA KWA RAHA. Sufi aliirudisha katika mto mwingine, wa kitambaa cha bluu, akauweka pembeni bila kusema ni wa nini.

Anselmo aliporudi kupanda baiskeli, alikwenda kwa woga. Alisimama juu ya pedali mara kwa mara, na penye kilima alishuka. Alifika Keko akashuka, akangoja ganzi. Haikuja. Siku za mwanzo mifupa ya makalio ilimuuma kidogo, kama Revelian alivyomwonya, maana haikuzoea kubeba mzigo wake. Baadaye ikazoea. Michubuko ikapona. Alimshukuru Bwana Fakihi kwa kile chumba, akamwomba ampe mtu mwingine.

Jioni alikula ameketi, karibu na mkewe, bega kwa bega. Mkeka ukakunjwa, ukaegemezwa ukutani. Na habari ya mtoto, nitasema tu kwamba katika msimu wa korosho Filomena alianza kuchukia harufu ya samaki, na Anselmo alianza kutengeneza kitanda kidogo, akikipima kwa pimamaji kila upande.

Lakini kabla ya korosho, Jumapili moja, walikwenda Temeke kumsalimu Margareta, dada yake Filomena. Anselmo alishangaa kuuona ule mto wa bluu umefungwa juu ya keria. Filomena akapanda kwa madaha, miguu yote upande mmoja, akakalia sufi yake. Alisema sasa kila mtu amepata kiti chake.

Walikwenda vizuri. Wapita njia waliwasalimu, wakasoma maneno ya kitini Anselmo alipoinuka. Walipokaribia Mtoni, Filomena alianza kuhangaika. Akajigeuza huku. Akajigeuza kule.

"Anselmo," alisema mwishowe, "simama. Mguu wangu umekufa ganzi."

Anselmo akasimamisha baiskeli. Akamshusha mkewe taratibu, akamwona anajaribu kutembea kama bata. Alijitahidi asicheke, na alishindwa. Filomena naye akashindwa. Walicheka wote wawili pale mchangani, mpaka machozi yakawatoka.

"Pole, mke wangu," Anselmo alisema. "Dawa yake ni kutembea."

Wakatembea. Yeye aliikokota baiskeli kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alimshika Filomena. Hawakuwa na haraka. Njia ilikuwa tupu, hapakuwa na mtu wa kumpisha, wala kuku. Anselmo akapiga kengele.